Mwalimu, Umemfuta Baba Yangu: Neno Kuhusu Faharasa za Vitabu Vyetu

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunikuta nikizungumzia uchaguzi, Katiba na bei ya mahindi. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana dogo, tena la ofisini: namna ya kutengeneza faharasa ya majina katika kitabu, na vibonye vichache vya kompyuta vinavyoirahisisha kazi hiyo. Naamini kwamba kabla hatujafika mwisho mtakubaliana nami kuwa jambo hili nalo ni la kisiasa. Katika kesi hii mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilichapisha kitabu kuhusu makuli wa bandari ya Dar es Salaam na mgomo wao wa mwaka 1947, ule ulioanzia bandarini na kusambaa hadi miji ya bara kwa kufuata njia ya reli. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitokana na mazungumzo na wazee. Mmoja wao, mkazi wa Temeke, alinisimulia habari za marehemu baba yake, ambaye alikuwa miongoni mwa wagomaji. Tulikaa naye siku tatu. Hakuwa na picha ya baba yake, wala cheti, wala barua. Alichokuwa nacho ni jina tu. Alilitaja taratibu, sehemu kwa sehemu, akihakikisha kwamba naliandika sawasawa. Nilimwahidi kuwa jina hilo litaingia kitabuni, na kweli liliingia.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala. Wiki mbili baadaye alinifuata chuoni, akiongozana na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi. Kisha akakiweka kitabu mezani na kusema kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: “Mwalimu, umemfuta baba yangu.”

Nilimjibu kwamba haiwezekani, mzee wangu, yumo. Ndipo kijana akanieleza walivyofanya. Walikwenda kwenye faharasa, mwishoni mwa kitabu, wakatafuta kwenye herufi S, kwa kuwa jina la marehemu linaanza na herufi hiyo. Hawakumwona. Hawakujua kwamba nilikuwa nimeligeuza jina lake kwa mtindo wa vitabu vya Kiingereza, nikamweka kwenye M, chini ya jina la baba yake. Nikafungua M kwa kujiamini na kuwaonyesha: huyu hapa, ukurasa wa 143. Tukaufungua ukurasa wa 143. Ulikuwa unazungumzia ujira wa wakata mkonge wa Tanga. Nikafungua wa 142, nikafungua wa 144. Hayumo. Mbele ya macho ya mzee yule nikawa napekua kitabu changu mwenyewe kama mtu ambaye hajawahi kukiona, mpaka nilipompata kwenye ukurasa wa 151.

Chanzo cha aibu hiyo kilikuwa rahisi. Faharasa ile niliiandika kwa mkono. Nilikaa na rasimu ya mwisho, nikapitia ukurasa baada ya ukurasa, nikachapa jina na namba, jina na namba, kwa majuma mawili. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba ramani na picha ziwekwe mwanzoni mwa kitabu, kurasa nane. Kitabu kizima kikasogea kwa kurasa nane, lakini namba zangu zikabaki pale zilipokuwa. Kompyuta iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na uwezo wa kuzisogeza namba zote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, sikujua.

Tusemezane kwanza kuhusu maana. Faharasa ninayoizungumzia si yaliyomo, ambayo hukaa mwanzoni na kutaja sura. Wala si sherehe, ambayo hufafanua maneno magumu. Faharasa ni orodha ya majina na mada iliyopangwa kwa alfabeti mwishoni mwa kitabu, kila ingizo likiwa na namba za kurasa. Yaliyomo humweleza msomaji jinsi mwandishi alivyokipanga kitabu. Faharasa humwezesha msomaji kuingia kwa mlango wake mwenyewe, bila kumwomba mwandishi ruhusa. Mjukuu yule hakuhitaji hoja yangu juu ya uchumi wa kikoloni. Alimhitaji babu wa baba yake.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Fungua faharasa ya kitabu chochote cha historia utajua ni nani ambaye kitabu hicho kinamhesabu kuwa mtu. David Livingstone alifariki mwaka 1873, na mwili wake ukabebwa kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza safari hiyo, tunawajua kwa majina. Wenzao wengi waliobeba mzigo uleule, wakapita mito ileile, mara nyingi huishia kwenye neno moja tu: wapagazi. Aliyebebwa ana mistari mingi ya faharasa, na waliobeba wana neno moja la wingi. Vitabu vyetu vya leo, ambavyo vinadai kuandika historia ya wanyonge, mara nyingi havina hata hilo neno moja, kwa sababu havina faharasa kabisa. Tumewapa wanyonge sura nzima, kisha tukawaficha ndani yake.

Ukiamua kuitengeneza, swali la kwanza utakalokutana nalo halihusu kompyuta. Ni swali la majina. Kanuni ya “jina la ukoo, kisha mkato, kisha jina la kwanza” ilitungwa kwa ajili ya jamii zenye majina ya ukoo. Kwetu mara nyingi jina la pili ni la baba. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, ukimwandika “Saad, Siti binti” umempeleka msomaji kwa mzazi wake. Hakuna Mzanzibari atakayekwenda kumtafuta huko. Mwana Kupona binti Msham naye mahali pake ni kwenye Mwana Kupona. Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake wa TANU, atafutwe kwenye B, kwenye T au kwenye M? Mimi nasema T. “Bibi” ni heshima tuliyompa, na Mohamed ni baba yake.

Lakini mtu asikurupuke kusema kwamba basi sote tuingizwe kwa jina la kwanza. Nyerere nalo lilikuwa jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Hata hivyo, hakuna anayemtafuta Mwalimu kwenye herufi J. Shaaban Robert nimewahi kumkuta kwenye S na nimewahi kumkuta kwenye R, na nilipomkosa upande mmoja ilinibidi nikumbuke kuchungulia wa pili. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata sasa ni moja tu: jiulize msomaji wako atamtafuta wapi, mweke hapo, na kwenye ile herufi nyingine andika “tazama”. Tippu Tip tazama Hamed bin Muhammed. Quawa, kama Wajerumani walivyozoea kuandika, tazama Mkwawa. Mwanamalundi tazama Ng’wanamalundi. Usipofanya hivyo, mtu mmoja hugeuka kuwa wawili au watatu, kila mmoja akiwa na nusu ya maisha yake.

Kinyume chake pia hutokea. Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa mwaka 1972. Mwanawe, Amani Abeid Karume, alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Ukiwafupisha wote wawili kwa herufi za mwanzo, unapata “Karume, A. A.” mara mbili. Baba na mwana wamekuwa mtu mmoja, aliyeuawa kisha akarudi madarakani. Wanafunzi wangu hucheka ninapowapa mfano huu, lakini nimewahi kusahihisha kazi yenye kosa hilohilo.

Na kuna suala la ngeli, ambalo Waingereza hawalijui. Wao huandika “Hehe” na kazi imekwisha. Sisi tuna Wahehe kwenye W, Uhehe kwenye U na Kihehe kwenye K. Wapo wanaopendekeza tukate viambishi ili kila kitu kiwe mahali pamoja. Siwaungi mkono. Msomaji wa Kiswahili hatamki “Hehe”, hivyo hatatafuta “Hehe”. Acha maneno yakae yanavyosemwa, kisha yaunganishe kwa “tazama pia”. Herufi W itakuwa ndefu, lakini urefu wa herufi W haujawahi kumdhuru mtu.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Nitaeleza kwa Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo programu iliyoenea zaidi maofisini kwetu. LibreOffice, ambayo hutolewa bure, nayo ina uwezo wa kutengeneza faharasa, ingawa hatua zake hutofautiana kidogo.

Kabla ya kuanza, sawazisha tahajia. Bonyeza Ctrl na H, na dirisha la kutafuta na kubadilisha litafunguka. Kama rasimu yako ina Mohamed, Mohammed na Muhamad wa mtu yuleyule, huu ndio wakati wa kuamua. Ila badilisha moja baada ya jingine ukisoma, usiamuru yabadilishwe yote kwa mkupuo, maana huenda Muhamad wa sura ya tatu ni mtu mwingine kabisa.

Kisha teua jina ndani ya matini na ubonyeze Alt, Shift na X kwa pamoja. Litafunguka dirisha dogo. Katika kisanduku cha juu andika ingizo kama unavyotaka lionekane kwenye faharasa, si lazima kama lilivyo ndani ya sentensi. Sentensi ikisema “Mwalimu”, kisanduku kinaweza kusema “Nyerere, Julius K.” Ukitaka ingizo dogo chini ya kubwa, tumia kisanduku cha pili, au weka nukta mbili baada ya jina, mathalani “bandari:mgomo wa 1947”. Dirisha hilohilo lina mahali pa kuandika “tazama” na jina lingine. Ukimaliza, weka alama na uendelee na jina linalofuata. Dirisha halijifungi, hivyo unaweza kushuka na matini huku ukilitumia.

Utashangaa kuona mabano na herufi XE vikichomoza katikati ya sentensi zako. Usivifute. Hizo ni alama zilizofichwa, hazichapishwi. Lakini zinapoonekana kwenye kioo huongeza urefu wa matini na kuzisukuma kurasa. Kwa hiyo kabla ya kuunda faharasa bonyeza Ctrl, Shift na 8 ili zifichike. Hatua hii ndogo ndiyo inayosahaulika zaidi, na anayeisahau hupata namba zisizo za kweli huku akiapa kwamba kompyuta haikosei.

Mwisho nenda kwenye ukurasa wa mwisho, ufungue sehemu iliyoandikwa References juu ya kioo, uchague Insert Index. Faharasa itajipanga yenyewe kwa alfabeti, na namba zake. Siku ambayo ramani na picha zitaongezwa, au sura itahamishwa, huna haja ya kuanza upya. Weka kishale ndani ya faharasa, bonyeza F9, na kila namba itasogea mahali pake. Kwenye baadhi ya kompyuta za mpakato itakubidi ushikilie na kitufe cha Fn. Hiyo F9 ndiyo iliyoninyima usingizi baada ya mzee yule kuondoka ofisini kwangu.

Niongeze vibonye vingine vitatu kwa faida ya wale wanaoandika tasnifu. Ctrl, Alt na F huweka tanbihi, na ukiongeza tanbihi nyingine katikati, zote hujihesabu upya. Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi huweka nafasi isiyokatika, ili “Mwl.” isibaki mwisho wa mstari huku “Nyerere” ameshuka mstari wa chini. Shift na F5 hukurudisha mahali ulipohariri mara ya mwisho, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu ambaye umeme wake hukatika na mawazo yake hukatika pamoja nao.

Hata hivyo, naomba nisieleweke vibaya. Mashine huhesabu, haijui. Katika dirisha lile kuna kitufe cha Mark All, ambacho huweka alama penye tahajia ileile, mara moja kwa kila aya. Ukikitumia kwenye “Mwalimu”, kitamkamata Nyerere, kitamkamata pia mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa bahati yake alikuja mwanzoni mwa sentensi na kupata herufi kubwa. Ukikitumia kwenye “Karume”, kitawachanganya baba na mwana. Na pale ulipoandika “yeye”, au “mzee huyo”, au “kiongozi wa wagomaji”, hakitamwona mtu yeyote. Kuamua nani ni nani kunabaki kuwa kazi ya mwandishi, na sidhani kama ni kazi ya kumwachia mwingine.

Wapo watakaonijibu kwamba siku hizi faharasa za nini, wakati kuna Ctrl na F: andika jina, kompyuta ilitafute. Nawajibu kwa hoja tatu. Mosi, mzee wa Temeke alikuwa na kitabu cha karatasi. Pili, nyaraka nyingi tunazowekewa mtandaoni ni picha za karatasi zilizopigwa kwa skana, na ndani ya picha hakuna herufi za kutafuta. Tatu, Ctrl na F hutafuta herufi, haitafuti watu. Haijui kwamba Quawa na Mkwawa ni mtu mmoja.

Hoja hii haiwahusu wanazuoni peke yao. Tunapenda kusema kwamba ripoti fulani ya umma “imewekwa wazi” kwa sababu imechapishwa. Ripoti ya kurasa mia nne isiyo na faharasa imechapishwa, lakini haijawekwa wazi. Mwananchi wa kijijini anayetaka kujua kijiji chake kimetajwa wapi, au diwani anayetaka kujua mkandarasi fulani ameonekana mara ngapi, analazimika kuisoma yote au kuiacha yote. Wengi huiacha. Sidai kwamba hufanywa kwa makusudi. Nadai kwamba matokeo yake ni yaleyale.

Nirudi nyumbani, vyuoni. Nimepokea tasnifu ambazo yaliyomo yake yamepangwa kwa kubonyeza nukta moja moja hadi ukingoni mwa ukurasa, kisha namba ikaandikwa kwa makisio. Mwanafunzi hakuchapa mwenyewe. Alipeleka karatasi zake steshenari na kulipa kwa ukurasa. Simlaumu, kwa kuwa na mimi mwalimu wake nilikuwa vilevile. Tunafundisha nadharia za umilisi wa maarifa kwa mihula miwili, lakini hatutengi hata alasiri moja ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuyafanya maarifa yake yapatikane. Wala tusisingizie lugha. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Kilichokosekana kwetu wasomi ni unyenyekevu wa kujifunza kitu ambacho tulikiona ni kazi ya makarani.

Mapendekezo yangu ni mawili, na hayahitaji fungu la bajeti. Kila idara inayopokea tasnifu za historia, fasihi na sayansi ya siasa itenge alasiri moja kwa muhula, wanafunzi na wahadhiri wakae pamoja mbele ya kompyuta wajifunze niliyoyaeleza hapa. Na kila mchapishaji wa vitabu vya taaluma kwa Kiswahili asikubali mswada usio na faharasa ya majina iliyotengenezwa na mwandishi mwenyewe, yeye anayejua nani ni nani.

Namalizia kwa mzee wangu. Siku ile, baada ya kumwonyesha ukurasa wa 151, nilimsomea aya yote inayomhusu baba yake. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alinishukuru, nikamwomba radhi, akasema yamekwisha. Mjukuu wake akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akafungua faharasa, akakata 143 na kuandika 151 pembeni. Kisha kwenye herufi S, pale palipokuwa na nafasi, akaandika jina la marehemu kama wanavyolitamka nyumbani kwao.

Alikuwa anakifunga kitabu, akasita. Akapitisha kidole kwenye majina yaliyobaki, safu mbili kwa kila ukurasa, kurasa sita, akaniuliza: “Na hawa wengine, mwalimu?”